Msaada Uliojengwa Ndani Hauombwi

Ukiingia katika duka la steshenari lenye kompyuta, iwe Manyoni mjini, Singida au Dodoma, fanya jaribio dogo. Mwombe mwenye duka akuruhusu kukaa mbele ya kompyuta yake, kisha bonyeza kitufe cha Shift mara tano mfululizo. Kama kompyuta hiyo inatumia Windows, na kama hakuna aliyeizima huduma hiyo, kitatokea kiboksi kikiuliza kama unataka kutumia Sticky Keys, yaani vitufe vinavyonata. Vijana wengi hukutana na kiboksi hicho kwa bahati mbaya wakiwa katika michezo ya kompyuta. Hukiona kero, wakakifunga. Ni wachache wanaojiuliza kimetoka wapi na kiliwekwa kwa ajili ya nani.

Kiliwekwa kwa ajili ya mtu mwenye mkono mmoja. Kiliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye vidole vyake vimeliwa na ukoma, au ambaye anachapa kwa fimbo aliyoishika kwa meno. Ili kuandika herufi kubwa kwa kitufe cha Shift, sharti vitufe viwili vibonyezwe kwa pamoja. Kwa sisi wenye mikono miwili hilo si jambo. Kwa mwenye kidole kimoja, kompyuta ni nyumba yenye mlango unaofunguliwa kwa funguo mbili kwa wakati mmoja, naye ana mkono mmoja. Vitufe vinavyonata humruhusu abonyeze kimoja, akiache, kisha abonyeze cha pili, na mashine ihesabu kuwa vimebonyezwa pamoja.

Wiki hii nataka tuitazame historia ya zana za namna hii, zile zinazotoka kiwandani zikiwa ndani ya kompyuta na simu kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Nazungumza nikiwa Kilimatinde, mahali ambapo habari hii inatuhusu kuliko inavyodhaniwa.

Tuanze na yaliyokuwapo kabla ya kompyuta. Ukanda wetu huu wa kati, Dodoma na Singida, ni ukanda wa ukame, vumbi na nzi, na kwa miaka mingi umekuwa ukanda wa trakoma. Ugonjwa huo hukunja kope kwa ndani, kope zikakwaruza jicho hadi likafifia. Maji yakiwa machache na nyuso za watoto zisiponawishwa, trakoma husambaa, na akina mama wanaolea watoto hao huumia kuliko wanaume. Kwa hiyo kutoona si jambo geni katika nyumba za Wagogo. Karibu kila kijiji kilikuwa na bibi aliyeongozwa na mjukuu kwa fimbo.

Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilianzisha shule ya wasioona Buigiri, mashariki ya Dodoma. Wakati huo Kilimatinde na Buigiri zilikuwa katika dayosisi moja, ile ya Tanganyika ya Kati. Dayosisi ya Bonde la Ufa, ambayo ndiyo yetu, ilizaliwa baadaye sana, mwaka 1991. Baada ya Buigiri zikafuata nyingine, zikiwamo Furaha ya Tabora na Irente ya Lushoto. Ndipo watoto wasioona wa nchi hii walipoanza kushika maandishi ya nukta nundu, yale aliyoyabuni Mfaransa Louis Braille na kuyachapisha mwaka 1829, yeye mwenyewe akiwa haoni.

Chombo cha kuandikia kilikuwa kibao chenye vijumba vidogo na kalamu fupi yenye ncha kali. Mwanafunzi hutoboa karatasi kutoka nyuma, hivyo huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza karatasi na kuisoma kwa vidole kutoka kushoto kwenda kulia. Baadaye ikaja mashine ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, yenye vitufe sita vya nukta, kitufe kimoja kwa kila nukta. Ni mashine imara, nzito, na ya bei kubwa. Aliyeipata alikuwa na bahati, na aliyeharibikiwa nayo alisubiri fundi kwa miezi.

Hata hivyo, mwenye nukta nundu alibaki na tatizo moja. Alichoandika kilisomwa na wenzake na walimu wake tu. Barua kwa baba yake kijijini, maombi ya kazi kwa ofisa utumishi, jibu la mtihani kwa mwalimu anayeona, vyote vilihitaji mtu wa kati. Ndiyo sababu shule za wasioona zilifundisha pia mashine ya taipu. Na hapa kuna jambo la kufurahisha. Mashine ya taipu yenyewe, katika moja ya sura zake za mwanzo kabisa, ilibuniwa kwa ajili ya asiyeona. Mwaka 1808 hivi, Mwitaliano Pellegrino Turri alimtengenezea rafiki yake Carolina Fantoni, mwanamke asiyeona, mashine ya kuandikia barua kwa mkono wake mwenyewe bila karani. Chombo kilichokuja kujaza ofisi za dunia nzima kina asili yake katika haja ya mtu mmoja mwenye ulemavu.

Taipu ilimpa asiyeona uwezo wa kuandika, lakini haikumwezesha kuyasoma aliyoyaandika mwenyewe. Utepe ukikauka wino, aliweza kuchapa kurasa tatu tupu bila kujua. Wengi waliohitimu walipangiwa kazi ya kupokea simu kwenye swichibodi. Wengine wenye ulemavu walipelekwa vyuo vya ufundi kama Yombo cha Dar es Salaam, au hapa mkoani kwetu chuo cha Sabasaba, Singida. Ni kazi za heshima. Lakini mtu alipangiwa kazi kwa kutazama kile ambacho mashine za wakati ule zilimruhusu, wala si kile ambacho kichwa chake kiliweza.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ikawekwa Hazina. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta pamoja na televisheni, ikaona ni anasa inayokula fedha za kigeni. Kwa hiyo miaka ambayo wenzetu walikuwa wakibishana juu ya kompyuta na watu wenye ulemavu, sisi hatukuwa katika mabishano hayo kabisa. Hilo tulikumbuke, maana tutalirudia.

Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, mwaka 1971 kikundi cha wanafunzi akiwamo Gregg Vanderheiden kilianza kutafuta njia ya kumsaidia kijana mmoja aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, ambaye hakuweza kusema wala kushika kalamu. Kikundi hicho kikawa kituo cha utafiti kilichoitwa Trace. Kompyuta ndogo zilipoingia madukani, watu wa Trace walitambua kwamba vifaa maalumu walivyokuwa wakivitengeneza, kimoja kimoja kwa mgonjwa mmoja mmoja, vingeweza kuandikwa kama programu na kuwekwa ndani ya kila kompyuta. Miaka ya mwisho ya 1980 kampuni ya Apple iliweka katika kompyuta zake za Macintosh vitufe vinavyonata na kikuzaji cha skrini. Mwaka 1991 IBM na Trace walitoa mkusanyiko wa zana hizo kwa kompyuta za DOS. Na Agosti 1995, Windows 95 ilipotoka, zana hizo zilikuwa ndani yake.

Hebu tuzitaje. Vitufe vinavyonata nimevieleza. Ipo ya pili, inayopuuza mguso wa bahati mbaya, kwa ajili ya mtu ambaye mikono yake inatetemeka. Ipo ya tatu, inayomwezesha mtu kuendesha kishale cha skrini kwa vitufe vya namba badala ya kipanya. Na ipo inayofanya skrini imwekemweke pale ambapo kompyuta imetoa mlio, kwa ajili ya kiziwi. Windows 98 ikaongeza kikuzaji cha maandishi, chombo ambacho mtoto mwenye ualbino anakihitaji sana, maana wengi wao wana uoni hafifu. Kompyuta zilizofuata zilizirithi, na hata ile kuukuu inayochapa vyeti na barua za maombi ya kazi mjini Manyoni inazo.

Lakini kwa wasioona, mwaka huo huo wa 1995 ulileta hofu. Kompyuta za zamani za DOS zilionyesha maandishi matupu, na programu ya kuyasoma kwa sauti haikuwa ngumu kuiunda. Ted Henter, Mmarekani aliyepoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari, alikuwa ametoa programu ya namna hiyo, JAWS, mwaka 1989. Windows ilibadilisha maandishi kuwa picha. Badala ya kuandika amri, mtu alitakiwa kubofya kijipicha cha kabrasha au cha pipa la taka, na programu ya kusoma haikujua kuelezea picha. Watu wasioona waliokuwa wameajiriwa maofisini waliona kazi zao zikiondoka mikononi, ilhali walikuwa hodari kama jana yake.

Walifanya nini? Hawakuandika barua za kuomba huruma tu. Katika jimbo la Massachusetts, watetezi wa wasioona waliishawishi serikali ya jimbo itangaze kuwa inaweza kuacha kununua Windows 95 mpaka asiyeona aweze kuitumia. Serikali ya jimbo ni mteja mkubwa, na kampuni ilisikia. Mwaka 1997 Microsoft ilitoa njia maalumu ya Windows kuziambia programu za kusoma ni kitu gani kiko kwenye skrini. Mwaka 1998 sheria ya nchi nzima ya Marekani ikaimarishwa, ikiziagiza idara za serikali kuu zinunue teknolojia ambayo mfanyakazi mwenye ulemavu anaweza kuitumia. Windows 2000 ikatoka na kisomaji cha sauti ndani yake, ingawa kilikuwa dhaifu.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo penye fundisho la historia hii yote. Wataalamu wenye moyo walikuwapo, na tuwape heshima yao. Lakini zana hizi zilienea zikawa za kawaida pale mnunuzi mkubwa alipoweka sharti kabla ya kulipa.

Bado bei ilikuwa kikwazo. Programu ya JAWS iliyofanya kazi vizuri iliuzwa karibu dola 1,000, yaani bei ya kompyuta ya pili. Kwa hesabu hiyo, asiyeona alitakiwa kulipa mara mbili ili afanye kazi ile ile. Katika nchi zetu programu hizo zilikuja kwa ufadhili, zikakaa katika chumba kimoja cha chuo kimoja, na muda wa leseni ulipokwisha, chumba kikafungwa.

Mambo mawili yalibadilisha hesabu hiyo. La kwanza, mwaka 2005 Apple iliweka kisomaji kamili, VoiceOver, ndani ya kompyuta zake bila malipo ya ziada, na mwaka 2009 ikakiweka katika simu ya iPhone. Watu walishangaa: simu yenye kioo laini, isiyo na kitufe cha kupapasa, asiyeona ataitumiaje? Kumbe kidole kikigusa, simu inataja kilichopo. Ukigusa mara mbili, inafungua. Mwaka huo huo simu za Android zilipata kisomaji chao, TalkBack. La pili, mwaka 2006 vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, wote wawili wasioona, walianza kuandika kisomaji cha Windows kiitwacho NVDA, wakakitoa bure kwa dunia nzima.

Na NVDA ilikuja na sauti inayoitwa eSpeak, kazi ya Mwingereza Jonathan Duddington. Miongoni mwa lugha inazozisema kimo Kiswahili. Ni sauti kavu, kama ya bati, lakini inasema Kiswahili. Hili si jambo dogo. Kisomaji cha Kiingereza kikikutana na neno letu "pole", kinalisoma kama nguzo ya Kiingereza, silabi moja. Mji wa Same kinautamka "seim". Mtoto anayejifunza kusoma kwa sauti ya namna hiyo anafundishwa lugha ambayo haipo. Bahati yetu ni kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. A ni a kila mahali, na mkazo hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kuifundisha mashine kusoma Kiswahili ni kazi nyepesi kuliko kuifundisha Kiingereza. Leo simu za Android zinaweza kuwekewa sauti laini ya Kiswahili kutoka Google. Lakini si kila kisomaji kilichojengwa ndani kina sauti hiyo, na palipo na sauti, mara nyingi haikuwashwa na hakuna aliyemwambia mwenye simu kwamba ipo.

Wazee wa Kilimatinde wanaijua habari ya kupitwa. Miaka ya 1890 Wajerumani walijenga boma hapa, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kwenye njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora. Kilimatinde ikawa makao ya utawala. Kisha ikaja reli ya kati. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wahandisi waliipitisha Saranda na Manyoni, si hapa. Ofisi ziliifuata reli, na leo makao makuu ya wilaya yako Manyoni. Hakuna aliyeichukia Kilimatinde. Haikuwamo tu kwenye mchoro siku mchoro ulipochorwa, na baada ya chuma kulazwa, hakuna aliyeweza kukihamisha. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Ndivyo inavyokuwa na mifumo ya kompyuta. Hivi sasa karibu kila huduma inahamia kwenye simu: maombi ya kazi, vitambulisho, malipo, matokeo ya mitihani. Kila mfumo una siku yake ya kuchorwa. Fundi akiweka kitufe bila kukipa jina la maandishi, kisomaji kitasema "kitufe" na kunyamaza. Kitufe cha nini? Cha kutuma fedha au cha kufuta akaunti? Asiyeona atalazimika kumpa mtu mwingine simu yake pamoja na namba yake ya siri. Tutakuwa tumemrudisha kwa yule mtu wa kati wa enzi ya kibao na kalamu, na safari hii mtu wa kati ameshika pochi yake. Kukipa kitufe jina siku ya kwanza ni kazi ya dakika moja. Kurekebisha mfumo mzima baada ya miaka mitano ni zabuni mpya.

Sheria tunazo. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 9 inataka teknolojia ya habari ifanywe ifikike tangu hatua za mwanzo, ili gharama iwe ndogo. Mwaka 2010 Bunge letu likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kinachotakiwa ni sheria hizo ziingie kwenye karatasi ya zabuni. Serikali na halmashauri zetu ndizo wanunuzi wakubwa wa kompyuta na mifumo katika nchi hii. Kabla ya malipo ya mwisho, mfumo uwekwe mbele ya mtu asiyeona, mwenye simu yake na kisomaji chake cha Kiswahili, atumie saa moja. Akishindwa, fundi asilipwe mpaka arekebishe. Mwaka 1974 hatukuwa mezani. Leo tupo, tena tukiwa na fedha mkononi.

Najua nitaambiwa kwamba mwanakijiji wa Kilimatinde ana kitochi cha vitufe kisicho na kisomaji, na kwamba simu janja bado ni bei, na chaji ni taabu. Ni kweli, na zana hizi hazitibu umaskini wala trakoma. Maji safi, dawa na upasuaji wa kope bado ndiyo kinga ya macho ya watoto wetu. Lakini simu janja zinazidi kuingia vijijini, mpya na za mitumba, na kila moja inaingia na kisomaji ndani yake. Ni aibu chombo kilichokwisha kulipiwa kilale mfukoni mwa mtu anayekihitaji, kwa sababu tu muuzaji, mwalimu au mjukuu hakujua pa kugusa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye shule, wenye maduka ya simu na vijana wa steshenari. Fungueni mipangilio ya simu au kompyuta, tafuteni sehemu ya ufikivu, jifunzeni yaliyomo kwa jioni moja. Mtu mwenye uoni hafifu akija kununua simu, mkuzieni maandishi kabla hajaondoka. Akija asiyeona, mwasheni kisomaji, mkiwekee sauti ya Kiswahili, mumwonyeshe jinsi ya kugusa mara mbili. Msimtoze kwa hilo. Alikwisha kulipa aliponunua simu.